Kiangazi cha Adabu

Unga wa uwele ukitoka mashineni huwa wa moto. Watu wa rika langu waliokulia Dodoma wanalijua hilo, ingawa siku hizi wengi wetu tunaununua ukiwa umekwisha kupoa, ndani ya pakiti iliyochapwa picha ya mama anayetabasamu. Juzi nilifungua pakiti ya aina hiyo jikoni kwangu, nikainama kunusa kwa mazoea, nisisikie kitu. Harufu niliyoitafuta ni ya nafaka iliyosuguliwa na chuma hadi ikakaribia kuungua, pamoja na mpira wa mkanda wa mashine na jasho la watu waliosimama foleni. Kwangu harufu hiyo haiji peke yake. Huja na sauti za wanawake wawili wazee wakitukanana.

Nilikuwa na umri wa kutumwa dukani tulipohamia Ipagala kutoka Tanga, alikokuwa akifanya kazi baba. Wazazi wangu wote ni Wagogo, lakini mimi nilikuwa Mgogo wa kuandikwa tu. Kigogo sikukijua zaidi ya “mbukwenyi” ya salamu, na hata hiyo niliitamka kwa lafudhi iliyowachekesha shangazi zangu. Bibi, mama yake baba, alikuja kutoka Gulwe kuishi nasi baada ya babu kufariki. Alikuja na ungo, mkeka wa kuanikia mboga ya mlenda, na tabia ya kuongea kana kwamba treni inapita nyuma yake.

Ukuta wa ua wetu ulipakana na mashine ya kusaga nafaka. Mwenye mashine aliitwa Mama Salimu, Mrangi wa Busi, kule Kondoa. Alikuwa mjane kama Bibi, wa umri wake au karibu yake, na mtandio wake ulikuwa mweupe kila siku hata kama asubuhi ulikuwa wa kijani. Siku ya kwanza Bibi aliponichukua kwenda naye kusaga, Mama Salimu alimtazama kuanzia kandambili hadi kilemba.

“Mgogo, leo umekuja kuomba au kusaga?” aliuliza. “Sema mapema, nijue kama nifungue mlango au nifiche vitu.”

“Nikimwomba Mrangi nitapata nini?” Bibi alijibu, akitua debe lake. “Ninyi hata kivuli mnakipima kwa kopo la sado.”

“Bora sisi wenye kivuli. Kwenu mti wa mwisho ulikatwa lini?”

“Ulikatwa na babu yako, alipokuja kuiba ng'ombe akakosa.”

Watu kwenye foleni walicheka. Mimi sikucheka. Nilishika khanga ya Bibi na kuhesabu, kwa akili ya mtoto, njia za kukimbilia iwapo wangepigana.

Ninyi mnaosoma haya mmekwisha kujua kilichokuwa kikiendelea: Mgogo na Mrangi ni watani. Lakini kule Tanga tuliishi nyuma ya ukuta wa kiwanda, na majirani zetu walikuwa watu wa kazi, wa habari za asubuhi na kwaheri. Sikuwahi kuona mtu mzima akimtukana mtu mzima mwenzake kwa kabila lake halafu akampa kiti. Nilichukua kila neno kama lilivyotoka. Nilijua, kwa uhakika wote wa mtoto, kwamba Bibi ana adui, na kwamba adui huyo ndiye anayetusagia unga tunaokula.

Bibi alipopata homa, adui alikuja na kikombe cha uji wa moto kilichofunikwa kwa sahani. Nilisimama mlangoni nikitazama.

“Umetia sumu?” Bibi aliuliza, akijiinua kitandani.

“Nimetia. Lakini Mgogo gani aliwahi kufa kwa sumu? Mmezoea mlenda.”

Bibi akanywa uji wote. Nilijificha chini ya meza nikalia, na mama aliponitoa huko sikuweza kumweleza ninacholilia. Asubuhi Bibi aliamka mzima, nami nikaelewa kwamba sumu ya Mama Salimu ni ya kufanya kazi polepole.

Nieleze kidogo hapa kuhusu utani wenyewe, kwa sababu wengi wetu tuliurithi bila kuelezwa. Wazee hawakubaliani ulianzaje. Wapo wanaosema makabila haya yalipigana zamani mpaka yakachoka, yakaona afadhali vita viendelee kwa midomo. Wapo wanaosema walilishana wakati wa njaa, na aliyekula kwako ana haki ya kukucheka. Bibi alisema tu kwamba mtani ni mtu aliyeruhusiwa kukuambia ukweli bila kupiga hodi. Ruhusa hiyo ilikuwa na mipaka yake. Ilikwenda kwa mtani wako, haikwenda kwa kila mtu. Ukiambiwa, unajibu, hununi. Na siku ya shida, mdomo uliokutukana ndio unaotangulia mlangoni kwako. Mipaka hii haikuandikwa popote, kwa hiyo mgeni hakuwa na namna ya kuijua.

Mgeni alikuja. Aliitwa Mwalimu Fidelis, alihamishiwa shule ya karibu kutoka mkoa wa mbali, akapanga chumba nyuma ya mashine. Kabila lake sitalitaja. Halina kosa lolote katika habari hii. Alikuwa mtu wa shati lililopigwa pasi na maneno machache. Siku moja alikuja kusaga mahindi, na kijana wa foleni aitwaye Yona, Mgogo mcheshi aliyependwa na kila mtu, akataka kumchangamsha.

“Mwalimu, ni kweli kwenu mnazika mtu kabla hajafa, ili muwahi kugawana vitu?”

Foleni ilicheka, kwa sababu ilizoea kumcheka Yona. Mwalimu Fidelis alichukua mahindi yake yasiyosagwa, akayaweka begani, akaondoka. Nakumbuka nilifurahi: hatimaye mtu mwingine kaona kama ninavyoona mimi, kwamba watu wa mahali hapa ni wakatili.

Mwalimu alipeleka malalamiko kwa mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti alikuwa mtu mwema na mwoga, na mji ulikuwa ukijaa wageni kila mwezi. Aliona mbali kuliko lilikokuwa jambo lenyewe. Aliona magomvi, aliona polisi, aliona jina lake. Akaitisha mkutano na kutangaza kwamba kuanzia siku hiyo, katika mtaa wetu, ni marufuku kutaja kabila la mtu kwa mzaha au kwa kisirani. Atakayetaja ataitwa ofisini. Watu walipiga makofi. Ni vigumu kukataa kupigia makofi jambo la namna hiyo. Bibi hakuwepo, alikuwa amelala akiugua mgongo.

Basi kikaanza kiangazi cha adabu.

“Habari za asubuhi, Mama Salimu,” Bibi alisema.

“Nzuri, mama. Za nyumbani?”

“Nzuri.”

Kisha mashine ilinguruma, unga ukashuka, tukarudi nyumbani. Nilitembea nikirukaruka. Nilimwambia mama kwamba Bibi na Mama Salimu wamepatana. Mama alinitazama kwa muda, akaendelea kuchambua mchele.

Ninapokitazama kiangazi kile sasa, naona jinsi mambo madogo yalivyokuwa yakikosa pa kwenda. Upepo wa Dodoma mnaujua. Ulichukua pumba kutoka mashineni, ukazirusha juu ya ukuta, ukazitua kwenye mlenda wa Bibi ulioanikwa uani. Mwaka wa nyuma yake jambo hilo lilimalizwa kwa sentensi moja. Bibi alipaza sauti juu ya ukuta, Mama Salimu akapaza ya kwake, na jioni mtu akaja kutundika gunia mahali pumba zilipotokea. Mwaka huu Bibi hakupaza sauti. Angesema nini? Kusema “Mama Salimu, pumba zako zinaharibu mboga yangu” ni kushitaki, na Bibi hakutaka kumshitaki. Alitaka kumtukana. Akahamisha mkeka kimya kimya, akaupeleka upande wa pili wa nyumba.

Mama Salimu, akiwa upande wake wa ukuta, aliona mkeka umeondoka.

Hakuuliza. Lakini siku chache baadaye hakuleta pumba za kuku alizokuwa akituletea kila mara. Mama akasema labda kasahau. Jirani mmoja akasema hajasahau. Mwingine akasema mashine ile siku hizi inapunja, akaanza kupeleka nafaka kwenye mashine ya ng'ambo ya barabara, na wenzake wakamfuata. Watu wa Kondoa waliokuwa wakinunua mboga kwa mama yake Yona wakaanza kununua kwingine. Hakuna aliyetaja kabila. Watu walisema “wale” na “sisi”, na kila mtu alielewa. Sheria ya mwenyekiti haikuvunjwa hata mara moja, na mwenyekiti alisikika akijisifu kwamba mtaa wake ndio mtulivu kuliko yote.

Utulivu huo niliupenda. Nilidhani ndio amani inavyosikika.

Kitu kimoja tu kilinitatiza: Bibi alikuwa akipungua. Alikaa mlangoni bila kuongea, na alipoongea aliongea taratibu, kama treni imekwisha kupita. Jioni moja mama alirudi kutoka dukani na habari kwamba Mama Salimu anatafuta mtu wa kununua mashine. Anataka kurudi Busi akalime kwa kaka yake. Alikuwa amemwambia mwenye duka kwamba amechoka kuishi mahali ambapo watu hawamsemeshi.

Bibi alisukuma sahani yake mbele. “Amesema hawamsemeshi?”

“Ndivyo alivyosema, mama.”

“Na mimi kila siku namwambia habari za asubuhi.”

“Ndiyo,” mama akasema. “Nadhani ndicho anachokisema.”

Mkutano wa mtaa uliofuata ulihusu takataka. Bibi alivaa khanga mpya, akanishika mkono akidai anahitaji mtu wa kumwongoza, ingawa ni yeye aliyekuwa akinivuta. Watu walikaa kwenye mabenchi na kwenye matofali, nje ya ofisi. Mama Salimu alikaa pembeni kabisa. Mwalimu Fidelis alikuwa nyuma, mikono kifuani. Takataka zilijadiliwa zikaisha, na mwenyekiti akauliza kama kuna mengineyo. Bibi akasimama.

“Nina shitaka.”

“Juu ya nani, mama?”

“Juu ya Mrangi.”

Mabenchi yalilia watu walipogeuka. Mwenyekiti alijifuta uso. “Mama yangu, hapa tulishakubaliana. Kabila la mtu halitajwi.”

“Mlikubaliana ninyi, mimi nilikuwa na mgongo. Basi nimwiteje? Mchina?”

“Mwite jina lake.”

“Jina lake analiita mtu asiyemjua.” Bibi alimgeukia Mama Salimu. “Huyu kiangazi kizima ananimwagia pumba kwenye mlenda. Nimekula pumba mpaka nimeanza kutaga. Sasa nasikia anakimbilia Busi. Mwenyekiti, unaona Mrangi alivyo? Amenigeuza kuku, na mayai hataki hata kuyaokota.”

Hakuna aliyecheka. Wote walimtazama Mama Salimu, na hata mimi nilielewa kwamba jambo fulani linategemea yeye atakavyojibu. Kama angekaa kimya, au angesema “asante, nimesikia”, Bibi angekuwa ametukana mtu hadharani, basi, na angeitwa ofisini kama mtukanaji mwingine yeyote. Angekuwa pia amempoteza.

Mama Salimu alisimama taratibu. Hakuwa akitabasamu.

“Ulihamisha mkeka,” alisema. “Hukusema neno. Ulihamisha mkeka kama mtu aliyeona uchafu.”

“Ningesemaje? Walinifunga mdomo.”

“Mdomo wa Mgogo unafungwa?” Akamgeukia mwenyekiti, kama anayeuliza kwa nia njema kabisa. “Kwa kamba ya wapi, baba? Nitafutie na mimi, ninayo mashine yenye kelele kama hiyo.”

Kicheko kilianzia kwa wazee, kikasambaa. Bibi alikaa chini ghafla, kama mtu aliyetua debe. Katikati ya kicheko hicho Mwalimu Fidelis alinyoosha mkono, na watu wakanyamaza kwa aibu, wakakumbuka kwamba yupo.

“Mwenyekiti, mimi ndiye niliyeleta malalamiko,” alisema. “Nilisemeshwa juu ya maziko na mtu nisiyemjua, wiki niliyotoka kumzika mama yangu. Nilitaka aache. Sikuomba mtaa mzima unyamaze.”

Yona alikuwa amesimama kabla hajaitwa. “Mwalimu, nilidhani nakukaribisha.”

“Ungenikaribisha kwa kiti.”

“Ni kweli, Mwalimu. Naomba unisamehe.”

Bibi akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, ya chini na isiyo na mchezo, “Pole na msiba, mwanangu. Hatukujua.” Wanawake wa pande zote mbili za uwanja wakaipokea: pole, pole sana, Mwalimu. Akawaitikia mmoja mmoja. Nadhani ndiyo pole ya kwanza aliyopewa katika mji huu, na alikuwa amekaa nao kiangazi kizima.

Mwenyekiti, ambaye nilisema ni mwoga, siku ile alifanya jambo ambalo watu wenye cheo hulifanya kwa nadra. Alisema kwamba alikosea. Kama nakumbuka vizuri, alisema mtu ataniane na mtani wake. Asiyejua kama ana utani na mtu, aulize kwanza. Na aliyeumia aseme, asikilizwe yeye, sio kuwanyamazisha wengine kwa jina lake. Alisema hayo kwa kujikwaakwaa. Nimewahi kukaa kwenye kumbi zenye viyoyozi ambamo jambo hilohilo lilijadiliwa na watu wenye lugha nzuri zaidi, na sikusikia likisemwa vizuri zaidi.

Lakini Mama Salimu hakusema kama anabaki. Alikung'uta gauni lake, akaenda zake na wengine.

Asubuhi mama alinituma mashineni na uwele, peke yangu. Foleni ilikuwa ndefu kuliko ilivyokuwa kwa muda mrefu. Karibu na mlango alisimama bwana mmoja aliyevaa koti, asiye na debe wala kiroba. Alikuwa akizunguka mashine, akigusa mkanda, akiinama kutazama boliti. Watu walimwangalia. Nilielewa ni nani.

Zamu yangu ilipofika nilitua uwele wangu. “Shikamoo, Mama Salimu.”

“Marahaba. Huu ni wa nani?”

“Wa Bibi.”

“Bibi yupi? Mabibi wako wengi.”

“Yule Mgogo.”

“Ahaa. Na wewe nani?”

Nilifikiri. “Mimi pia.”

“Wewe pia nini?”

“Mgogo.”

Alimwaga uwele mashineni, lakini hakuondoa macho kwangu. “Basi shikamoo nimeipokea, hiyo ni ya umri wangu. Bado ya utani. Iko wapi?”

Nilisema jambo ambalo Bibi alikuwa akilisema kila mara, kwamba Warangi hawajui kupika mlenda. Akatikisa kichwa.

“Hilo la bibi yako. Nataka la kwako.”

Foleni yote ilikuwa ikisikiliza. Yule bwana wa koti alikuwa amesimama wima, mkono bado uko juu ya mashine. Nilitafuta kichwani nikakuta kitu kimoja tu, kitu ambacho nyumbani kwetu hakuna aliyethubutu kukisema kwa sauti, na kikatoka kabla sijakipima.

“Ukirudi Busi watakufukuza tena.”

Mama Salimu akazima mashine. Ukimya ulioingia ulikuwa mkubwa hivi kwamba nilisikia unga wa mwisho ukidondoka ndani ya mfuko. Nilijua nimeharibu kila kitu.

“Tena?” aliuliza. “Nani alikwambia walishawahi kunifukuza?”

“Hakuna,” nikasema. Ulikuwa ukweli. “Nimekuangalia tu.”

Alijishikiza ukutani. Kwa muda sikujua kama analia au anacheka, mpaka foleni ilipolipuka nyuma yangu na mtu akanipiga begani kwa furaha, na mwanamke mmoja akauliza kwa sauti mtoto huyu ni wa nani. Mama Salimu alijifuta macho kwa ncha ya mtandio, akajipaka unga usoni. Alifunga mfuko wangu, akanipandishia kichwani, akahakikisha umekaa sawa. Kisha akamgeukia yule bwana wa koti.

“Baba, samahani kwa kukusumbua,” alisema. “Umesikia mwenyewe. Kwetu hawanitaki.”

Akawasha mashine, na hakuna aliyesikia jibu la yule bwana.